Mama Mkwe na Nyota Tano za Usalama

Usiku wa jana nililala na kitabu cha gari kifuani, kikiwa wazi kwenye ukurasa wa mikanda, na kabla sijaumaliza ukurasa huo niliota. Nitaieleza ndoto ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo hapa Iringa, na kupunja kwetu ni kosa la kazi.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa kabla sijalala. Asubuhi tulikuwa tusafiri kwenda Morogoro kwenye sendofu ya shemeji yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Safari ilikuwa ya watu wanne: mimi, mke wangu Mama Wema, binti yetu Wema mwenye miaka tisa, na mama mkwe. Jina la mama mkwe silitaji. Kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe, hamgusi, hali naye meza moja, na akiwa na neno la kumwambia zaidi ya salamu hulipitisha kwa mtu wa tatu. Nina miaka kumi na moja ya ndoa na sijawahi kupeana naye mkono. Tunapendana sana.

Shida ni gari. Lina mwezi mmoja hapa nyumbani, lile refu la familia la milango minne, toleo lililosanifiwa upya kuanzia taa mpaka buti. Kitabu chake nimekisoma chote, kurasa mia nne na kumi. Toleo la zamani lilikuwa likilia kama dereva hajafunga mkanda. Hili jipya linalia hata kwa ajili ya viti vya nyuma.

Na mama mkwe hafungi mkanda. Yeye hukaa nyuma yangu ili tusitazamane, huweka kipochi chake mapajani, na gari huanza: ti, ti, ti. Siku ya kwanza lilimlilia kutoka kanisani mpaka nyumbani. Gari nililolileta mimi linamkaripia mama mkwe mbele ya mjukuu wake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake nilikwenda kwa muuza vipuri, akanipa kichuma kidogo cha kuchomeka pale mkanda unapofungwa, ili gari lidhani abiria amefunga. Nilikichomeka, gari likanyamaza, heshima ikarudi. Wiki iliyofuata Wema naye akaacha kufunga, akasema mbona bibi hafungi. Ningemkemea, ingekuwa nampiga mama kijembe. Nikarudi dukani kuchukua kichuma cha pili.

Kioo cha kati nimekigeuza kitazame dari, nisije nikakutana na macho ya mama nikiwa nabadilisha gia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tuteremke mlima Kitonga asubuhi, na hivyo ndivyo nilivyolala.

Ndotoni ni mchana. Nimesimama uani na ufunguo mkononi. Kitabu kinasema gari hili lina nafasi ya nyuma kubwa kupita magari yote ya daraja lake. Nafungua mlango na kuona kwamba hawakusema uongo. Kiti cha nyuma kinaanzia mlangoni, kinapita makaburi ya Makanyagio na kupotelea kwenye mabonde. Mwisho kabisa, mdogo wa kuonekana kwa shida, amekaa mama mkwe na kipochi chake. Wema yuko pembeni yake na kipochi cha kwake.

Nilifurahi. Umbali ule ulikuwa wa heshima. Nikamsalimia mama, na shikamoo yangu ikachukua muda kufika. Marahaba ilirudi nilipokuwa nimeshakagua upepo wa magurudumu yote manne.

Kitabu kinasema gari hili lilipimwa likapewa nyota tano za usalama, na kweli juu ya paa wamekaa nyota watano, kila mmoja ukubwa wa sinia, miguu ikining'inia kwenye vioo.

"Sisi ni nyota wa usalama," mkubwa wao anasema. "Tumekuja na gari. Tunasafiri nalo mradi abiria wote wamefunga mikanda. Wamefunga?"

"Wamefunga," nasema.

Nyota mmoja anateremka, anakung'uta vumbi na kuondoka kwa miguu kuelekea mjini. Haagi mtu.

Nafungua boneti ili nionekane nina kazi. Kitabu kinasema injini ina nguvu za farasi mia tatu, na kweli wamo, wamesimama kwa mistari. Nawahesabu, maana ndiyo kazi yangu. Wako mia mbili tisini na tisa.

"Mmoja ana mafua," anasema farasi wa mstari wa mbele. "Amebaki bandarini."

Naandika upungufu kwenye daftari. Farasi ananitazama ninavyoandika.

"Unaandika farasi mmoja aliyepungua," anasema. "Na mkanda wa mama uliopungua umeuandika wapi?"

"Mama amefunga," nasema, na nafunga boneti. Nyota wa pili anateremka. Huyu anachukua na mwavuli wake.

Naingia kwenye gari. Mke wangu tayari yumo upande wa kushoto, amelala, anakoroma kwa mpangilio. Katikati yetu, pale pa kuwekea chupa ya maji, amejibana mtu wa plastiki mwenye duara nyeusi na njano kwenye mashavu. Namfahamu kutoka ukurasa wa hamsini na nane. Ni lile sanamu ambalo kiwandani hukalishwa ndani ya gari na kugongeshwa ukutani ili wapime usalama.

"Naitwa Namba Saba," anasema. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Na za kazini?"

"Nimegonga ukuta mara mia nne na kumi na mbili. Mara mia nne na kumi nilikuwa nimefunga mkanda. Hizo sizikumbuki."

Nilimpa andazi kutoka kwenye kapu la safari. Alilishika tu, kwa kuwa mdomo wake ni wa kuchorwa, lakini alishukuru.

Tunaondoka. Gari ni jepesi, haliungurumi, linatoka sifuri mpaka mia ndani ya sekunde sita na nusu, na kila likitoka sifuri linaaga. Mwanamke wa ramani, yule anayeelekeza njia kwa sauti, anasema: "Baada ya mita mia mbili, kata kulia. Kisha sema ukweli."

Nakata kulia. Natokea ofisini kwangu.

Gari limepanda juu ya mzani mkubwa wa malori, na kwenye meza yangu, juu ya kiti changu, amekaa yule kichuma. Amevaa koti langu la kazi. Wananchi wamepanga foleni na magunia, na kila gunia linaloletwa yeye analigongea muhuri: SAWA. Gunia la mkaa lililojazwa majani katikati, sawa. Debe lililobonyezwa kitako, sawa. Mtu mmoja ameleta gunia tupu kabisa, sawa.

Naomba nieleweke. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, na nimewafikisha watu kwa hakimu kwa sababu ya debe lililobonyezwa.

"Nani amekupa muhuri wangu?" namuuliza.

"Wewe," anasema kichuma, bila kuacha kugonga. "Ulinichomeka mwenyewe, kwa kidole gumba. Ukaniambia kazi yangu ni kusema ndiyo."

"Kwa mama mkwe peke yake."

"Sijui kuchagua. Mimi ni kichuma."

Namba Saba ananivuta shati. "Mkaguzi, tupime. Mama ana kilo ngapi?"

"Mama mkwe hapimwi."

"Basi tupime kipochi chake."

Kipochi kinaletwa kwa kupitishwa mkono kwa mkono kutoka mwisho wa kiti. Ndani kina miwani, kitambaa, pipi za Wema na ufunguo wa stoo. Mzani unasema kilo mbili. Namba Saba anaandika kwenye ubao: gari likienda kilomita sitini kwa saa, likagonga kitu na kusimama ghafla, pima tena. Mshale unaruka. Kilo sitini. Zile pipi peke yake zina uzito wa mbuzi.

"Imezidi mara thelathini," anasema. "Sasa chukua ule uzito ambao huwezi kuutaja, uzidishe kwa thelathini."

Nilizidisha kimyakimya, kwa adabu. Jibu lilikuwa karibu tani mbili, na tani hizo zilikuwa zimekaa nyuma ya kiti changu. Nilizidisha na Wema pia. Hilo jibu sikutaka kulisoma.

"Mimi nilikuwa na mama mkwe," anasema Namba Saba. "Sanamu la kike, mtulivu. Tulipangiwa gari moja. Niliona hajafungwa, nikanyamaza. Kwa heshima."

"Ikawaje?"

"Gari liliposimama, yeye hakusimama. Alipita juu ya kiti akanikumbatia."

Niliweka kalamu chini. "Alikukumbatia?"

"Kwa nguvu zote. Mbele ya wahandisi kumi na wawili."

"Kwetu hatugusani," nilisema. Sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Hata kwetu. Kwa nini unadhani mkanda ulitengenezwa?"

Nataka kujibu, lakini mwanamke wa ramani anasema, "Umefika Kitonga," na kweli tumefika. Ofisi imeondoka. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa, na nyota wa tatu, akiwa juu ya paa, ananiuliza kama abiria wamefunga. Kwa mazoea, kabla sijafikiri, nasema wamefunga. Anateremka, na wa nne anateremka naye kwa kuwa walikuja pamoja. Amebaki mmoja, mdogo wao, ameshika paa kwa mikono miwili.

Kwenye kona, mbele yetu, limesimama lori la vitunguu. Limetoka Ilula, limejaa mpaka limepasua turubai, na nyuma limewekewa matawi ya miti kuonyesha kwamba limeharibika. Ninakanyaga breki, lakini kumbe breki ya gari hili inajikanyaga yenyewe, na inapenda kutoa taarifa.

"Nimeliona lori," inasema. "Nitashika baada ya sekunde moja na nusu. Nitashika kwa nguvu. Kama una mazungumzo ya kifamilia, huu ndio muda wake."

Mifuko ya hewa inachungulia kutoka kwenye usukani, milangoni na darini. Wako kumi, wanene, wamevaa nguo nyeupe za kanisani.

"Tunatoka mara moja tu maishani," anasema yule wa kwenye usukani. "Hatupendi kutoka bure. Kwenye karatasi yetu mama amefunga. Amefunga?"

Nageuka kumwamsha mke wangu awe mtu wa tatu. Anakoroma. Namwita Wema, na sauti yake inakuja kutoka mbali.

"Wema, mwambie bibi afunge mkanda."

"Baba, nitamwambiaje na mimi mwenyewe sijafunga?"

"Sekunde moja na robo," inasema breki.

Namba Saba hayumo tena. Ameacha andazi. Hapakuwa na mtu wa tatu duniani, nilikuwepo mimi na mama mkwe, na katikati yetu kiti chenye urefu wa kilomita mbili. Niliikumbuka ile shikamoo, jinsi ilivyochelewa kufika. Niliogopa kweli. Sikuliogopa lori, niliogopa kwamba neno langu litafika mama akiwa ameshaondoka kwenye kiti.

"Mama," nikasema.

Kiti kilifupika. Mabonde yaliingia ndani, makaburi yakapita chini ya zulia.

"Mama, naomba ufunge mkanda. Nisamehe kwa kukuambia mwenyewe. Usipoufunga utakuja mbele, na tutagusana."

Kiti kilifupika tena, mpaka nikamsikia akipumua nyuma ya kisogo changu. Alipoongea, hakuwa na hasira hata chembe.

"Baba Wema," alisema, "mimi huo mkanda sijui unavyofungwa. Siku ile ya kutoka kanisani niliuvuta ukakwama, nikauvuta ukakwama. Ningemuulizaje mkwe? Halafu siku ya pili gari likanyamaza. Nikajua umeniona nimeshindwa, umenisitiri. Nikakuombea."

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia nikiwa macho. Alikuwa amekaa wiki tatu nyuma yangu akinishukuru kwa kumdanganyia gari.

"Nusu sekunde," inasema breki. "Endeleeni tu."

Siwezi kumfungia, maana ningelazimika kupitisha mkono mbele yake, na hilo hata ndotoni halifanyiki. Nakiteremsha kioo cha kati kutoka darini.

"Afadhali," kinasema kioo. "Ile dari nimeshaimaliza."

Ndani ya kioo naona macho ya mama. Ni mara yangu ya kwanza. Yana rangi ya macho ya Wema.

"Tazama wangu, mama," nasema, na naufungua wangu ili nimwonyeshe. "Vuta polepole. Ukiuvuta kwa nguvu unakataa. Ukikwama, uachie urudi kidogo, kisha vuta tena. Hapo umekuja. Sasa uteremshe kiunoni, upande wa kushoto, uchomeke."

"Kuna kitu hapa kimeziba."

"Kitoe, mama."

Alikitoa, akakiinua kwenye mwanga. Kichuma hakikusema kitu. Nadhani kilikuwa kimeishiwa na ndiyo.

"Hiki ni nini?"

"Ni aibu yangu."

Mama alikifunga kwenye pindo la kanga yake, mahali anapofungia vitu anavyotaka kuvishughulikia baadaye, kisha akachomeka mkanda. Ulilia ka. Pembeni yake Wema akachomeka wa kwake, ka. Mimi nikachomeka wangu. Yule nyota mdogo akajifunga kwenye paa kwa kamba ya turubai.

"Basi," ikasema breki, na ikashika.

Gari zima liliinama. Farasi mia mbili tisini na tisa walikaa kitako kwa pamoja. Kapu la safari lilipita juu ya bega langu, likifuatwa na andazi la Namba Saba, na vitunguu vikamwagika kutoka kwenye lori, vikaviringika juu ya boneti, vikaingia dirishani na kujaa mapajani mwetu. Mifuko ya hewa ilitazamana, ikarudi ndani, ikafunga zipu. Nilihisi kitu kimekaribia kisogo changu, kimekaribia kabisa, kisha kikasimama.

Nikatazama kwenye kioo. Mama mkwe alikuwa amening'inia kwenye mkanda wake, kipaji cha uso kikiwa umbali wa upana wa kiganja kutoka kichwani kwangu. Nauita upana wa kiganja kwa uzoefu wa kazi. Inawezekana ulikuwa sentimita nane na nusu.

"Hatujagusana," alisema.

"Hatujagusana, mama," nilisema, na nikaamka nikilia.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, jua limeshatoka. Kitabu cha gari kilikuwa sakafuni. Ufunguo wa gari ulikuwa chini ya mto wangu, mahali ninapoulaza kila siku, na gari lilikuwa limefungwa milango yote minne. Naomba hilo lizingatiwe.

Nilitoka uani na kandambili, nimeshaamua. Nilifungua mlango wa nyuma, nikachomoa kichuma cha Wema nikakitupa pipani. Nikaenda upande wa mama. Kichuma chake hakikuwepo. Nilipapasa chini ya kiti, chini ya zulia, kwenye mfuko wa mlango. Hakuna.

"Baba Wema, unatafuta nini tumbo wazi asubuhi yote hii?" mke wangu aliuliza kutoka jikoni.

"Kitu cha gari."

"Gari jipya limeanza kupungua vitu?"

Nilikwenda kuvaa.

Saa moja na nusu tulikuwa tayari. Mama mkwe alitoka amevaa gauni lake la sherehe na kanga mpya begani. Nilisimama hatua nne kutoka kwake, kama ipasavyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umelalaje?"

"Salama, mama."

Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaingia, akaweka kipochi mapajani. Wema akaingia upande wake. Niliwasha gari. Na kwa kuwa vichuma vyote viwili havikuwepo, likaanza: ti, ti, ti.

Mke wangu alinigeukia kwa macho ya kusema zima hicho kitu. Nilishika usukani. Safari hii hapakuwa na breki ya kunihesabia muda. Nilifungua mdomo nimwite Wema, nikaufunga. Nikaufungua tena.

"Mama," nikasema.

Kabla sijaongeza neno, nyuma yangu nilisikia mkanda ukivutwa polepole. Ulikwama. Ukaachiwa urudi kidogo, ukavutwa tena, ukateremshwa kiunoni. Ka. Kisha sauti ya Wema ikisema, "Kumbe bibi anajua," na ka ya pili. Gari likanyamaza.

Mke wangu alikuwa ameduwaa. "Mama, nani kakufundisha?"

Nilimsikia mama akifungua fundo kwenye kanga yake. "Mpe baba yako," alimwambia Wema, na mkono mdogo ukapita katikati ya viti ukaniwekea kitu kiganjani.

Kilikuwa kichuma. Pembeni mwake kilikuwa kimenasa ganda la kitunguu, jekundu, jembamba. Nyumbani kwetu vitunguu viliisha tangu Jumatatu, nasi tulikuwa tumepanga kununua njiani, Ilula.

Nilikitia mfukoni. Nikainua mkono nikakishusha kioo cha kati kutoka darini, nikakiweka mahali pake. Mama mkwe alikuwemo, na mkanda wake kifuani, ananitazama.

"Kwenye ile kona ya Kitonga," aliniambia, bila kupitisha kwa mtu, "uende taratibu."